Kihispania: lini "lo", lini "le", na hii "se lo" yatoka wapi?

Nahodha_Amu

Assalaam alaikum jamani. Naomba msaada wa Kihispania kwa wanaokijua vizuri. Msamiati wa kazi ninao: bei, samaki, upepo, maji kujaa na maji kupwa, safari ya Manda na Takwa, hayo yote yapita. Panaponikwama ni vile vijineno vidogo vinavyosimama mahali pa mtu au kitu: me, te, lo, la, le, les, se. Wageni wa Uhispania wakizungumza kwa kasi, kijineno kimoja kikinipita sijui tena nani kampa nani nini.

Maswali yangu ni haya. Kwa Kiswahili nasema "nilimwona" na "nilimpa", na -m- ni ile ile. Kwa Kihispania ni "lo vi" lakini "le di". Nitajuaje kitenzi kipi chataka lo na kipi chataka le?

Kwa nini "le lo di" ni makosa, ikawa "se lo di"? Mimi najua "se" ni ile ya kuji-, kama "se lava", anajiosha.

Tena, wageni wa Madrid husema "le vi ayer" kwa mwanamume, na kitabu kinasema "lo vi". Nani yuko sawa?

La mwisho, kijineno mara kiko mbele mara kimegandishwa nyuma: "me lo da", halafu "dámelo". Kuna kanuni au ni mazoea tu? Kiitaliano cha Malindi nakijua kidogo, na nahisi ndicho kinachonivuruga zaidi.

Maalim_Mkomani

Wa alaikum salaam nahodha. Umeuliza penyewe, kwa hivyo twende taratibu.

Kabla ya kugusa Kihispania, rudi kwenye sarufi ya darasani. Chukua sentensi "Nahodha amempa Fatuma ufunguo." Ufunguo ndio shamirisho kipozi, kile kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Fatuma ni shamirisho kitondo, yule anayefikiwa na tendo. Kihispania kinafuata mgawanyo huo huo. Kipozi kina lo, la, los, las. Kitondo kina le na les basi. Me, te, nos na os hufanya kazi zote mbili, "me ve" ananiona na "me da" ananipa, kwa hivyo hapo huna la kuogopa. Shida iko kwenye nafsi ya tatu, na kwenye "usted", yaani wewe ya heshima, ambayo kisarufi huhesabiwa nafsi ya tatu ingawa unamsemesha mtu aliye mbele yako.

Lo na la hufuata jinsia ya nomino: el pescado (samaki) ni lo, la llave (ufunguo) ni la. Angalia "el agua": ina "el" mbele kwa ajili ya matamshi, lakini ni ya kike, kwa hivyo mgeni akiuliza maji yako wapi unajibu "ahora la traigo", si "lo traigo". Le haijali mume wala mke, na hapo inafanana na -m- yetu.

Sasa kipimo. Sema kitenzi kwa Kiswahili pamoja na -m-, kisha mbele yake uliza "nini?" Kama swali linakubali, yule mtu ni kitondo, tumia le. Kama swali linagoma, mtu ni kipozi, tumia lo au la.

Nilimwona nini? Linagoma. Lo vi, la vi.
Nilimngoja nini? Linagoma. Lo esperé.
Nilimtafuta nini? Linagoma. La busqué.
Nilimpa nini? Linakubali. Le di.
Nilimwambia nini? Linakubali. Le dije.
Nilimuuliza nini? Le pregunté.
Nilimwomba nini? Le pedí.
Nilimjibu nini? Le contesté.
Nilimlipa nini? Le pagué.
Nilimpiga nini? Kofi, teke, ngumi. Le pegué.

Huyo wa mwisho huwapoteza wengi, maana anayepigwa anaonekana kama ndiye kipozi, lakini Kihispania kinamhesabu kuwa amepewa pigo. Kiswahili nacho, ukisema "nilimpiga kofi", kinafanya hivyo hivyo.

Kauli ya kutendea ni dalili nyingine nzuri. Kitenzi kikipata -ia au -ea kwa ajili ya mtu (kununulia, kuletea, kuandikia, kupikia, kusomea), huyo mtu karibu kila mara ni le. Lakini usiamini mwisho wa neno bila kuuliza "nini?". Kungojea na kutembelea vina -ea, na bado ni "la espero", "la visité". Kumpigia simu ni "lo llamo" au "la llamo", kwa sababu simu imeshaingia ndani ya kitenzi llamar na haibaki kitu cha kupewa. Kusaidia ni kwa mpaka-mpaka: "lo ayudo" na "le ayudo" zote utazisikia. Na kuamini kunataka kukaririwa: mtu ni "le creo", jambo ni "lo creo".

Usijaribu kupima kwa kauli ya kutendewa. Sisi twasema "Fatuma amepewa ufunguo" bila wasiwasi, kitondo kikawa kiima. Kihispania hakikubali. "Fatuma fue dada la llave" ni sentensi iliyovunjika. Husemwa "A Fatuma le dieron la llave", walimpa.

Sasa kosa ambalo Mswahili hulifanya kuliko yote, na ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia kwa sababu vitabu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya shamirisho, baina ya wakati na mzizi. Wakikutana mtu na kitu, mtu huichukua nafasi na kitu hukosa. Ukiulizwa "Umempa ufunguo?" unajibu "Nimempa", na ufunguo haumo kabisa kwenye kitenzi. Huwezi kusema "nimeumpa". Kihispania kina nafasi mbili, na kitu kikishajulikana lazima nafasi zote zijazwe:

¿Le has dado la llave? Sí, se la he dado.

Ukijibu "sí, le he dado", mgeni atakutazama akingoja umalizie. Kila unapotaka kusema nimempa, nimemwambia, nimemletea, nimemuuliza, simama kidogo ujiulize: na kile kitu kiko wapi? "Nimeshamwambia" ni "ya se lo he dicho". Hata "najua" ya kawaida ni "lo sé", pamoja na lo yake.

Upande mwingine Kiswahili kinakusaidia mno. Wazungumzaji wa lugha nyingine hushangaa kwa nini Wahispania husema "le di la llave a Fatuma", le na Fatuma pamoja, wakaona ni kurudia. Wewe husemi "nilipa Fatuma ufunguo". Unasema "nilimpa Fatuma ufunguo", na -m- na Fatuma wote wamo. Ni jambo lile lile. Na kama vile "nilipa yeye" haiendi bila -m-, "di a ella la llave" nayo haiendi bila le: "le di la llave a ella".

Vivyo hivyo unapotanguliza kitu. "Ile mashua nimeiuza": "la barca la he vendido". Samaki akitangulia, lo inafuata: "el pescado lo compré ayer". Kipozi kikibaki nyuma ya kitenzi, lo haiji: "he vendido la barca". Hapa ndipo njia zinapoachana, kwa sababu sisi kwa mtu twasema "nilimwona Fatuma" na -m- yetu, nao husema "vi a Fatuma", bila la. Ile "a" ndiyo inayoonyesha kwamba kipozi ni mtu. Argentina watu husema "la vi a Fatuma", lakini usiianzie hapo.

Jambo dogo lenye faida: tofauti ya "umenunua samaki?" na "umewanunua wale samaki?" ipo pia kwao. Kitu kisicho maalumu hakipati lo. "¿Tienes cambio?" una chenji? Jibu ni "sí, tengo". Ukisema "sí, lo tengo" unamaanisha ile chenji fulani tuliyoizungumzia.

Mahali pa kijineno: ni kanuni, si mazoea. Hukaa mbele ya kitenzi chenye nafsi na wakati (me lo da, se la he dado, no lo veo). Hugandishwa nyuma ya vitu vitatu tu: kitenzi-jina (dármelo), umbo la -ndo (dándomelo), na amri ya kukubali (dámelo). Amri ya kukataza hurudi mbele: "no me lo des". Vitenzi vikiwa viwili unachagua, mbele ya cha kwanza au nyuma ya cha pili: "te lo quiero dar" au "quiero dártelo". Ila vijineno viwili haviachani. "Te quiero darlo" hakuna. Na umbo la -ado, -ido baada ya he, has, ha halipokei chochote nyuma.

Vikikutana viwili, mtu hutangulia kitu: me lo, te la, nos los, se lo.

Hiyo "se" na Kiitaliano nawaachia walioko Malindi.

Mkalimani_Malindi

Nahodha, pole, lakini hisia yako ni ya kweli. Huku Malindi Kiitaliano kiko kila ufuo na kila duka la vinyago, na mtu akihamia Kihispania anakuja na mizigo yake yote. Baadhi ya mizigo inafaa, mingine inazamisha.

Unaozamisha kuliko wote ni "le". Kwa Kiitaliano "le compro" ni nazinunua, vitu vya kike wingi, mikoba kwa mfano. Kwa Kihispania "le compro" ni namnunulia. Ukitaka nazinunua kwa Kihispania ni "las compro". Kinachokoroga zaidi ni kwamba kwa mwanamke Kiitaliano nacho kina "le dico", namwambia, na Kihispania ni "le digo", kwa hivyo mara moja wakubaliana, mara nyingine wapishana. Kwa mwanamume Kiitaliano hubadili ikawa "gli". Kihispania hakibadili, ni le tu. "Li vedo" ikawa "los veo".

Kupiga simu pia: Mwitaliano husema "gli telefono", kitondo. Maalim ameshaeleza kwamba llamar yataka lo au la.

"Ci" na "ne" ziache Malindi. Hazina ndugu kwa Kihispania cha leo. "Ci vado domani" ni "voy mañana", basi. "Ne ho due" ni "tengo dos". Usitafute neno la kujaza, hakuna.

Kiitaliano hulinganisha kitenzi na jinsia: "l'ho vista" kwa mwanamke. Kihispania hakilinganishi. "La he visto", na -o hubaki hata akiwa mwanamke, hata wakiwa kumi. Na kukataza: "non dirlo" ni kitenzi-jina kwa Kiitaliano, lakini Kihispania ni "no lo digas". Ukisema "no decirlo" kumwambia mtu, anakuelewa, ila lugha imechechemea.

Sasa "se lo". Hii si ile se ya kujiosha, ingawa sura ni moja. Kilatini kilikuwa na "illi illum", yaani "kwake" na "kile". Kiitaliano kikapata "glielo", unayoijua. Kihispania cha zamani kikapata "gelo", ndugu wa glielo baba mmoja mama mmoja. Ile ge ilitamkwa karibu na j yetu, na kufikia karne ya 16 ikawa imechanganyika na se iliyokuwapo tayari. Kwa hivyo unapotaka kusema "le lo", kumbuka glielo: kila mahali Mwitaliano anaposema glielo, gliela, glieli, gliele, Mhispania husema se lo, se la, se los, se las. Hapo Kiitaliano chako ni msaada mtupu. Na "dammelo" ni "dámelo", tofauti ni ile m moja tu.

Hasara ya se ni kwamba imemeza wingi. "Se lo di" ni nilimpa yeye, niliwapa wao, nilikupa wewe usted. Usipoeleweka, ongeza nyuma: se lo di a ella, se lo di a ellos, se lo di a usted. Wageni wa Amerika ya Kilatini utawasikia wakisema "se los dije" kwa maana ya niliwaambia hilo. Wanachukua wingi wa watu wanaubandika kwenye lo. Uelewe, lakini usiuandike.

Binti_wa_Shela

Nitajibu lile la "le vi" kwa sababu linasumbua watu wanaohudumu mezani.

Mgeni wa Madrid yuko sawa, na kitabu kiko sawa. Kutumia le badala ya lo kwa mwanamume mmoja kunakubaliwa na Real Academia Española, taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania: "le vi", "a Omar le conozco". Mpaka wake ni huo. Kwa wanaume wengi, "les vi" haipendekezwi, sema "los vi". Kwa kitu haifai kabisa: kitabu huwezi kusema "le leí". Na utasikia Madrid "la dije" kwa mwanamke, nilimwambia. Hiyo haikubaliwi, ni "le dije". Waacheni nayo wenyewe.

Halafu kuna heshima. Ukimsemesha mtu kwa usted, le inakubaliwa hata pale ambapo kipozi ndicho kingehitajika, awe mwanamume au mwanamke: "¿le ayudo, señora?", "le espero en el muelle", nakungoja gatini. Kwa anayefanya kazi na watu wazima wasiojulikana, hii le ni salama na ina adabu.

Lakini Wahispania wengi, hasa vijana, watataka mwambiane tú, wewe ya kirafiki, siku ya kwanza. Wakiwa kundi, kijineno chao ni os: "¿os lo traigo?", niwaletee? Kundi la Meksiko au Kolombia halitumii os hata kidogo, kwao nyinyi ni ustedes, na swali hilo hilo ni "¿se lo traigo?". Kwa hivyo ukishajua meza imetoka wapi, umeshajua useme os au se. Amri yenye os hupoteza d: sentad + os ni "sentaos", ketini.

Duka_la_Vikoi

Kwa wafanyabiashara tu: jihadharini na comprar. "Le compré el pescado a Omar" ina maana mbili, nilimnunulia Omar samaki, na pia nilimnunua samaki kutoka kwa Omar. Kiswahili kinazitenganisha kwa -ia, Kihispania hakitenganishi. Mgeni akisema "se lo compré a tu hermano", msikimbilie kudhani amemletea ndugu yako zawadi. Huenda ni ndugu yako aliyemuuzia. Ukitaka kusema kwa ajili ya fulani bila utata, tumia para: "lo compré para Omar".

Nahodha_Amu

Shukran sana, Maalim na wenzako. Kipimo cha "nini?" kimeingia. Nimeandika sentensi za kazi, nisahihishieni bila huruma:

1. Le he dado a su esposa. (Ufunguo, nimempa mkeo.)
2. Os la traigo la langosta.
3. Estoy lo buscando.
4. No dímelo mañana.
5. Pregúntalo al capitán.
6. ¿Te gustas el arroz con coco?
7. Me duele mi cabeza.

Maalim_Mkomani

Nzuri, maana makosa yako yote yana sababu, hakuna la kubahatisha.

Ya kwanza ni ile ile ya nafasi moja. Ufunguo umekosa. "Se la he dado a su esposa."

Ya pili umejaza kupita kiasi. Langosta iko nyuma ya kitenzi, kwa hivyo la haina kazi: "os traigo la langosta". Ukimtanguliza kambamti, la inarudi: "la langosta os la traigo ahora".

Ya tatu umefanya Kiswahili: na-ki-tafuta, kiambishi kikiwa katikati baada ya wakati. Estoy na buscando ni kama uzi mmoja, hakuna cha kupenya baina yao. "Lo estoy buscando" au "estoy buscándolo".

Ya nne ni kukataza: "no me lo digas mañana". Angalia kitenzi nacho kimebadilika, di ikawa digas.

Ya tano: Nimuulize nahodha nini? Hilo jambo. Kuna mtu na kuna kitu, na umeweka kitu peke yake. "Pregúntaselo al capitán". Kama jambo halijulikani bado, "pregúntale al capitán" yatosha.

Ya sita, tulia hapa. Gustar usiitafsiri "kupenda". Itafsiri "kupendeza", na kila kitu kinakaa mahali pake. Wali wa nazi unakupendeza? Kiima ni wali, wewe ni kitondo: "¿te gusta el arroz con coco?" Kaa wanampendeza: "le gustan los cangrejos", na n ya gustan imetoka kwa kaa, si kwa mtu. "Me gusto" ni najipendeza mwenyewe. Kuna familia nzima ya namna hii, na Kiswahili kinayo yote: kichwa kinaniuma, me duele la cabeza, zimenipungukia mia mbili, me faltan doscientos, kinanishangaza, me sorprende. Pia "a mí me gusta", mimi inanipendeza, na a mí mbele ni mkazo tu.

Ya saba umekaribia. Ondoa mi. Me imeshasema kichwa ni cha nani, kama ni- katika kinaniuma. Ni mtindo wetu huo huo katika "nilimshika mkono": "le cogí la mano", bila "su". (Kwa Waargentina na Wameksiko sema "le tomé la mano". Coger kwao ni neno la chumbani.)

Nahodha_Amu

Nimeelewa. Moja la mwisho: ile alama juu ya herufi. Dámelo inayo, dame haina. Nikiandika ujumbe kwa simu nabahatisha.

Mkalimani_Malindi

Hesabu silabi kutoka mwisho. Shadda, yaani mkazo wa sauti, ikiangukia silabi ya tatu kutoka mwisho, au nyuma zaidi, alama ni lazima. Ikiangukia ya pili na neno linaishia na irabu, hakuna alama. Da-me: ya pili, haina. Dá-me-lo: ya tatu, inayo. Di-le haina, dí-se-lo inayo. Dar-le haina, dár-se-lo inayo. Trá-e-lo inayo, usiione fupi ukadhani ni silabi mbili. Vitabu vikongwe vitakuonyesha "déme" kwa kumfuata "dé". Tangu tahajia ya Academia ya mwaka 1999 inaandikwa "deme".

Kubwa kuliko maandishi ni ulimi. Shadda ya Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, na ukiongeza kiambishi nyuma inahama: LE-ta, le-TE-ni. Ya Kihispania haihami. Ukisoma "cómpramelo" (ninunulie hicho) kwa shadda ya Kiswahili utasema com-pra-ME-lo, na msikilizaji atapotea kabla hajafika kwenye vijineno. Ni CÓM-pra-me-lo, nguvu zote mwanzoni, kisha me na lo zipite nyepesi bila kusimama. Anza na COM-pra peke yake, kisha CÓM-pra-la, kisha CÓM-pra-me-la, ukipiga meza kwa kidole kwenye com kila mara, mpaka kidole kikubali kubaki palepale.